Saa za Mnasihi ni Mali ya Mtoto

Kati ya watumishi wote wa shule, mnasihi ndiye anayepata taabu kubwa zaidi kulijibu swali jepesi: leo umefanya kazi gani? Mwalimu wa hisabati ataonyesha madaftari yaliyosahihishwa. Mhasibu ana stakabadhi zake. Mpishi ana masufuria yaliyokwisha kupakuliwa. Mnasihi ana mlango uliofungwa, mtoto aliyetoka humo akiwa na macho mekundu, na siri ambayo hana ruhusa ya kuisimulia. Wasomaji wetu wanaofanya kazi katika vyumba vya ushauri nasaha hospitalini, hasa katika huduma za VVU, afya ya akili na huduma rafiki kwa vijana, wanaijua taabu hiyo. Wasomaji waliopata kuketi upande wa pili wa meza wanaijua kwa namna yao, maana wao ndio wenye siri.

Nchini Marekani wanasihi wa shule wamejaribu kulijibu swali hilo kwa kuandika saa zao. Hawaandiki habari za watoto. Wanaandika muda ulikwenda wapi, na kwa kazi ya aina gani. Jambo hili laweza kuonekana dogo, hata la kikarani. Mimi naliona kubwa, na nitasema mapema ninaposimama: hesabu ya muda ni chombo kizuri cha uwajibikaji kwa sharti moja, kwamba imwajibishe anayegawa kazi sawasawa na inavyomwajibisha anayezifanya. Ikikosa sharti hilo inageuka kuwa kamba ya kumfunga mtu mmoja.

Historia ya kazi yenyewe inaeleza kwa nini saa zilikuja kuwa hoja. Mwaka 1908 Frank Parsons alianzisha mjini Boston ofisi ya kuwasaidia vijana kuchagua kazi. Alifariki mwaka huohuo, na kitabu chake juu ya jambo hilo kikatoka mwaka 1909. Shule zilipoipokea kazi hiyo ziliwakabidhi walimu, juu ya vipindi walivyokuwa navyo, na kwa kawaida bila nyongeza ya mshahara. Baada ya Umoja wa Kisovieti kurusha Sputnik mwaka 1957, Marekani ilipitisha mwaka uliofuata sheria ya elimu kwa ajili ya ulinzi wa taifa, na sehemu ya fedha zake ikaenda katika mafunzo ya wanasihi ili wawatambue vijana wenye vipaji, hasa vya sayansi. Idadi yao ikapanda. Hata hivyo mnasihi aliendelea kuingia shuleni asubuhi bila kujua siku yake ni ya nani, kwa kuwa hapakuwa na mahali ilipoandikwa. Mkuu wa shule akikosa mtu wa kufanya jambo fulani, mnasihi alikuwa karibu, tena hana darasa.

Katika miaka ya 1970 Norman Gysbers wa Chuo Kikuu cha Missouri na wenzake walianza kufundisha kwamba unasihi wa shule ni programu yenye maudhui yake na saa zake, wala si mkusanyiko wa kazi za kuokoteza. Mwanzoni mwa mwaka 2002 ikatiwa sahihi sheria iliyozitaka shule za Marekani zithibitishe kwa takwimu kwamba watoto wanajifunza, na kila mtu shuleni akaulizwa mchango wake ni upi. Mwaka 2003 Chama cha Wanasihi wa Shule cha Marekani, kinachojulikana kwa kifupi chake ASCA, kilitoa mwongozo wa kitaifa wa programu za unasihi. Mwongozo huo umepitiwa mara kadhaa tangu hapo. Jedwali la matumizi ya muda limebaki ndani yake.

Jedwali lenyewe halina maajabu. Siku hugawanywa katika vipande vya dakika 15, na mbele ya kila kipande mnasihi huandika aina ya kazi aliyoifanya. Siku ya saa 8 ina vipande 32. Wiki ya siku 5 ina vipande 160. Hatakiwi kulijaza mwaka mzima. Analijaza kwa wiki moja katika nusu ya kwanza ya mwaka wa masomo na wiki nyingine katika nusu ya pili, kama vile daktari anavyochukua matone machache ya damu ili kuujua mwili mzima. Kazi zimewekwa katika mafungu. Fungu la kwanza ni huduma za moja kwa moja: kuingia darasani kufundisha stadi za maisha na za masomo, kumsaidia mwanafunzi kupanga masomo na kazi yake ya baadaye, na kuketi naye kwa unasihi, peke yake au katika kikundi kidogo. Fungu la pili ni zile zisizo za moja kwa moja lakini zinafanywa kwa ajili ya mtoto: kuzungumza na mzazi, kushauriana na mwalimu, kuandaa rufaa ya kwenda kwa wataalamu wa afya. Fungu la tatu ni upangaji wa programu na mchango wa kawaida ambao kila mtumishi hutoa kwa shule yake. La nne ni kazi ambazo si za unasihi kabisa. Chama kinapendekeza kwamba asilimia 80 ya muda au zaidi iende katika mafungu mawili ya kwanza.

Fungu la nne ndilo lenye mafunzo. ASCA imeziorodhesha waziwazi kazi ambazo mnasihi hapaswi kubebeshwa: kuratibu mitihani ya shule nzima, kushika darasa la mwalimu asiyekuwepo, kutoa adhabu, kuidhinisha vibali vya waliochelewa au wasiofika, kumrudisha nyumbani mtoto aliyevaa isivyotakiwa, kukokotoa wastani wa alama, kuingiza takwimu kwenye kompyuta, kusimamia wanafunzi ukumbini wakati wa chakula. Ukiisoma orodha hiyo kwa makini utagundua kwamba hakuna kazi ya aibu ndani yake. Zote ni za lazima, na shule isiyo na mtu wa kuzifanya itayumba. Lakini baadhi yake zinapigana na unasihi kwa asili yake: aliyemchapia mtoto barua ya kufukuzwa asubuhi hawezi kumtazamia afunguke moyo jioni. Nyingine hazipigani nao, zinaula tu.

Zinaula kiasi gani? Tufanye hesabu. Majimbo mengi ya Marekani yana mwaka wa masomo wa siku 180. Mnasihi anayesimamia ukumbi wa chakula kwa nusu saa kila siku ametumia saa 90 kufikia mwisho wa mwaka. Kama mazungumzo ya kawaida na mwanafunzi ni ya nusu saa, hayo ni mazungumzo 180 ambayo hayakufanyika. Hakuna aliyeamua kuyafuta. Mkuu wa shule alisema tu, siku moja, kwamba ukumbi hauna mtu. Nguvu ya jedwali iko hapo: jambo lililogawanyika katika nusu saa ndogondogo, ambalo kila nusu saa yake ina sababu nzuri, linaonekana kwa mara ya kwanza likiwa zima.

Hesabu nyingine inahusu hata yule anayetimiza lengo. Chama kinapendekeza mnasihi mmoja kwa wanafunzi 250. Wastani wa nchi nzima katika mwaka wa masomo 2022–2023 ulikuwa wanafunzi 385. Chukua wiki ya kazi ya saa 40, toa asilimia 80, unabaki na saa 32. Zidisha kwa wiki 36 za masomo, unapata saa 1,152. Zigawe kwa watoto 385: kila mmoja ana takriban saa 3 kwa mwaka, humo mkiwa na vipindi vya darasani, simu kwa wazazi na maandishi ya rufaa. Asilimia 80 ya mtu mmoja anayehitajika na mamia ya watoto bado ni kidogo, na jedwali lililojazwa vizuri linaweza kuuficha upungufu huo chini ya alama nzuri. Ndiyo maana asilimia na idadi ya watoto lazima zisomwe pamoja.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo wanaolisifu jedwali hili huipita haraka, nami naiona kuwa ndiyo kiini. Mwongozo wa ASCA unamtaka mnasihi na mkuu wake wa shule wakutane mwanzoni mwa mwaka, wakubaliane kwa maandishi muda utagawanywaje, na wote wawili watie sahihi. Wakati wa makubaliano hayo mkuu anaweza kukataa. Anaweza kusema kwamba mwaka huu hana mtu mwingine wa kuratibu mitihani, na kwamba mnasihi atafanya hivyo. Ni haki yake kama kiongozi. Lakini atakuwa ameisema kwa kalamu, na jedwali la wiki moja likija kuonyesha kwamba unasihi umepata nusu tu ya saa zake, itajulikana nani aliamua hivyo. Bila makubaliano, jedwali hilohilo linamuuliza mnasihi peke yake kwa nini hakuwaona watoto, na mnasihi aliyetumwa ukumbini na mkuu wake hana la kujibu isipokuwa kulalamika.

Majimbo mengine yameivuta hoja hiyo hadi kwenye sheria. Virginia ilipitisha mwaka 2019 sharti la asilimia 80 ya saa za kawaida za shule. Texas ilifuata mwaka 2021, na sheria yake ina kipengele ninachokipenda kuliko asilimia yenyewe. Bodi ya wilaya ya shule inayoona kwamba haiwezi kumwachia mnasihi asilimia 80 kwa sababu ya upungufu wa watumishi inaruhusiwa kwenda chini, lakini lazima iandike katika sera yake sababu za kufanya hivyo, itaje kazi za ziada atakazozifanya, na iweke asilimia atakayobaki nayo. Upungufu unakubaliwa. Kinachokataliwa ni upungufu usio na mwenyewe.

Wapo wanaoichukia saa yoyote inayopima kazi ya binadamu, na chuki yao ina asili. Upimaji wa muda ulianzia viwandani, kwa msimamizi mwenye saa mkononi aliyetaka mfanyakazi aongeze mwendo. Ila hata historia hiyo ina upande wa pili, nao unatuhusu watu wa afya. Frank Gilbreth, mmoja wa waanzilishi wa elimu hiyo, alipeleka kamera katika vyumba vya upasuaji kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia kwisha, na anatajwa kuwa miongoni mwa waliopendekeza kwamba muuguzi amkabidhi daktari vifaa mkononi badala ya daktari kugeuka kuvitafuta mwenyewe. Saa ileile inaweza kumkimbiza mfanyakazi na inaweza kumwondolea kilichokuwa kikimchelewesha. Inategemea nani anaitazama, na anatafuta nini.

Udhaifu wa jedwali upo, na haufai kufunikwa. Asilimia ikishakuwa sharti, majina ya kazi huanza kuhama. Kusimama ukumbini kunaweza kuandikwa kuwa ni kuwa karibu na wanafunzi. Kuingiza alama kwenye kompyuta kukawa uchambuzi wa maendeleo yao. Wiki ya kupima nayo yaweza kuchaguliwa kwa hila. Anayetaka sura nzuri atachagua wiki tulivu. Anayetaka kulalamika atachagua wiki ya mitihani. Dawa yake ni rahisi, nami nashangaa kuona haisisitizwi zaidi: wiki zipangwe mapema, moja ya kawaida na moja ya mitihani, wala pasiwe na mwenye uwezo wa kuzihamisha. Kuna pia vile vipande visivyotoshea kisanduku. Mtoto anamsimamisha mnasihi koridoni, anauliza habari ya fomu, anasitasita, kisha anasema kile alichokuja kukisema. Dakika sita. Jedwali la dakika 15 litazimeza, na pengine hizo ndizo zilizokuwa na maana kuliko zote za siku ile.

Pamoja na hayo, muda unaona kitu ambacho idadi ya vichwa haikioni. Mwanafunzi anaingia ofisini na kusema kwamba hataki tena kuishi. Mnasihi anayejua kazi yake hatamwacha peke yake. Atamsikiliza, atapima hatari, atampigia mzazi, atazungumza na uongozi, atamtafutia rufaa, atangoja hadi mtoto akabidhiwe mikononi mwa anayefaa, kisha ataandika. Siku imekwisha. Katika hesabu ya vichwa mnasihi huyo amehudumia mwanafunzi mmoja, na mwenzake aliyegawa fomu za vyuo kwa watoto 40 ameonekana hodari mara arobaini. Katika hesabu ya muda wote wawili wamefanya kazi siku nzima, na msomaji anauona uzito ulipokuwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Siku za namna hiyo hazitapungua.

Nimesikia pingamizi kwamba muda si matokeo, na kwamba mtu anaweza kukaa na watoto saa 32 kwa wiki bila kuwafaa kitu. Ni kweli. Mwongozo wa Marekani wenyewe haukomei kwenye jedwali. Unamtaka mnasihi aonyeshe pia kilichobadilika katika mahudhurio, nidhamu na maendeleo ya masomo. Lakini sote tuliofanya kazi na watu wenye maumivu tunajua jinsi matokeo yanavyokuja polepole, na yanavyokuja kwa mikono ya wengi. Mtoto aliyeacha kutoroka shule ameacha kwa sababu ya mnasihi, au ya shangazi aliyemchukua kwake, au ya chakula kilichoanza kutolewa mchana? Mnasihi anayejitwalia matokeo hayo anadanganya kidogo, na anayekataliwa kwa kukosekana kwake anaonewa. Hawezi kuahidi kwamba mtoto atapona. Anaweza kuahidi kwamba muda wa mtoto haukuchukuliwa na mtu mwingine, na kuhusu hilo anaweza kuulizwa bila kuonewa.

Jambo moja lazima lilindwe kwa ukali. Jedwali linalopelekwa kwa mkuu wa shule halipaswi kuwa na jina la mtoto, wala darasa lake, wala sababu ya kuja kwake. Sheria ya Marekani ya mwaka 1974 juu ya kumbukumbu za elimu, inayompa mzazi haki ya kuziona kumbukumbu za mwanawe, imeyaacha nje maandishi ambayo mtumishi anajiwekea mwenyewe kwa kujikumbusha na ambayo hayaonyeshi kwa wengine. Jedwali la muda si maandishi ya namna hiyo. Limeandikwa ili lionwe. Katika shule ndogo hata saa peke yake yaweza kusema mengi. Anayejua kwamba saa nne na robo palikuwa na unasihi wa mtu mmoja, na alimwona binti fulani akitoka saa nne na nusu, hahitaji jina. Kwa hiyo kinachopelekwa juu kiwe jumla ya wiki, na vipande vya dakika 15 vibaki kwa mnasihi.

Kwa nini nayaleta haya katika jarida linalosomwa na wauguzi, matabibu na wagonjwa? Kwa sababu vitabu vyetu vya MTUHA ni hodari wa kuhesabu vichwa. Vinajua wangapi wamekuja, wa umri gani, kwa ugonjwa upi. Havijui muuguzi wa kitengo cha ushauri alitumia dakika ngapi kwa msichana aliyepata majibu yake ya kipimo leo, wala havijui ni saa ngapi za wiki yake zilikwenda kufunga ripoti ya mwezi. Tuna nyenzo ya kutuonyesha hilo. Shirika la Afya Duniani lina mbinu ya kukokotoa idadi ya watumishi wanaohitajika kutokana na mzigo wa kazi, iitwayo kwa kifupi WISN, nayo imekwisha kutumika Tanzania. Inaanza na swali lilelile la wanasihi wa Marekani: kazi hii, ikifanywa inavyostahili katika mazingira haya, inachukua dakika ngapi? Kisha inatenganisha huduma kwa mgonjwa, shughuli za kuitegemeza huduma hiyo, na majukumu ya ziada ya baadhi ya watumishi. Anayeielewa WISN ameshalielewa jedwali la mnasihi.

Tunahusika pia kwa njia iliyo karibu zaidi. Mtoto anayefika kliniki kwa rufaa kutoka shuleni amepitia kwanza kwa mtu aliyekuwa na muda wa kumtazama. Katika shule nyingi za Tanzania mtu huyo ni mwalimu aliyeteuliwa kuwa mnasihi, mara nyingine ndiye pia matroni au patroni, mwenye vipindi vyake vya kufundisha kama wenzake, zamu yake ya wiki, na rundo lake la madaftari. Kumpa asilimia 80 ya Texas itakuwa ni kumfanyia mzaha. Asilimia 80 ya nini? Hana saa zilizoandikwa kwa jina la unasihi. Ana nafasi zinazobaki baada ya kengele. Watoto wanamfuata wakati wa mapumziko, yeye akiwa na chai mkononi, na wengine wakipita. Mambo mazito ya ubakaji, mimba, vipigo vya nyumbani na mawazo ya kujiua hayasemwi mahali pa namna hiyo. Yatasemwa baadaye, kwetu, yakiwa yamekomaa.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka kuanza kwa kumdai mwalimu huyo ripoti. Kuhesabu saa ambazo hazikutolewa ni kumtafutia mtu kosa. Kianze kile kipande cha makubaliano: vipindi viwili kwa wiki kwenye ratiba kuu ya shule, ubaoni kama kipindi cha kemia kilivyo, na chumba chenye mlango. Halafu ndipo zipimwe. Watumishi wa umma nchini kwetu wamekwisha kuzoea kupanga kazi zao katika mfumo wa PEPMIS, uliochukua nafasi ya OPRAS, ambamo mtumishi na msimamizi wake hukubaliana juu ya majukumu yatakayotathminiwa. Unasihi usioingizwa humo hautatathminiwa, na kazi isiyotathminiwa ndiyo ya kwanza kusogezwa kando mwalimu wa fizikia anapougua. Hapo hahitajiki mfadhili wala sheria mpya. Inatosha mwalimu kuiandika kazi hiyo na mkuu wake kuikubali.

Kwa mzazi anayesoma makala haya akingoja kuitwa kwenye foleni, kuna swali moja la kuuliza katika mkutano ujao wa wazazi. Usiulize kama shule ina mnasihi; utaambiwa yupo. Uliza ana saa ngapi kwa wiki za kuonana na watoto, ni siku gani, na anawaonea wapi. Swali hilo halimshtaki mwalimu. Mara nyingi yeye ndiye atakayefurahi zaidi kulisikia likiulizwa mbele ya wakubwa wake.

Na kwa walimu wanasihi ambao vituo vyetu vya afya vinashirikiana nao, pendekezo langu la kuanzia ni dogo. Wiki moja katika muhula ujao, iliyochaguliwa tangu sasa, na nyingine wakati wa mitihani. Karatasi moja, safu nne: muda na mtoto, muda kwa ajili ya mtoto, maandalizi, na kazi nyingine zilizoagizwa. Hakuna jina la mwanafunzi popote. Chini yake nafasi mbili za sahihi, ya mwalimu na ya mkuu wa shule, na ya mkuu iwekwe Jumatatu asubuhi, kabla kisanduku cha kwanza hakijajazwa.